Shajara ya mradi: viwango vya usalama na ubora katika makao ya wazee

Wiki ya 1

Mradi umeanza rasmi. Lengo lake limeandikwa kwa sentensi moja: kuyafikisha makao haya ya wazee katika viwango vya usalama na ubora ambavyo mkaguzi anaweza kuvihakiki saa yoyote, bila kutoa taarifa mapema. Maneno "saa yoyote" yaliongezwa kwa ombi langu. Makao ya wazee kwa kawaida hukaguliwa mchana, mkuu wa makao akiwepo, korido zikiwa zimepigwa deki na wahudumu wakiwa wametimia, ilhali saa zenye hatari kubwa kwa mkazi ni zile za usiku, wahudumu wanapokuwa wachache naye anaamka gizani akitafuta choo.

Katika kupima tutafuata mgawanyo wa Avedis Donabedian, daktari aliyeandika mwaka 1966 kwamba ubora wa huduma za afya unaweza kutazamwa katika muundo, mchakato na matokeo. Muundo ni jengo, vifaa na idadi ya wahudumu. Mchakato ni kile kinachotendwa. Matokeo ni hali ya mkazi mwenyewe. Faili tuliyokabidhiwa ina kurasa nyingi kuhusu muundo, chache kuhusu mchakato, na karibu hakuna kuhusu matokeo. Inajua idadi ya vitanda, lakini haijui ni wakazi wangapi wana vidonda vya kulalia.

Juu ya vipimo hivyo tumeweka Kanuni za Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Wazee, zilizopitishwa na Baraza Kuu tarehe 16 Desemba 1991. Moja ya kanuni hizo inasema kwamba mzee anayeishi katika makao ya aina yoyote anabaki na haki zake zote za kibinadamu, pamoja na kuheshimiwa utu, imani, mahitaji na faragha yake, na haki ya kuamua kuhusu matunzo na maisha yake. Nimeichapa kwa herufi kubwa na kuibandika ndani ya jalada la shajara hii, kwa sababu najua itafika siku ambayo usalama na uhuru wa mkazi vitavutana, na siku hiyo sitaki tuamue kwa haraka.

Wiki ya 2

Tumeanza na maji, kwa kuwa ni hatari iliyo rahisi kupimwa, na kwa hiyo haina udhuru.

Maji ya moto yana mashaka mawili yanayopingana. Bakteria wa lejionela, ambao walitambuliwa baada ya mlipuko wa homa ya mapafu miongoni mwa maveterani waliokutana Philadelphia mwaka 1976, huzaliana katika maji yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 za selsiasi, na watu wenye umri mkubwa ni miongoni mwa wanaodhurika zaidi. Kwa sababu hiyo maji huhifadhiwa katika tangi kwa nyuzi 60 au zaidi. Lakini maji ya nyuzi 60 yakimwagikia ngozi ya mzee, ambayo imekuwa nyembamba, huiunguza vibaya ndani ya sekunde chache. Anayepunguza joto la tangi ili asimuunguze mkazi anawakaribisha bakteria. Anayeliacha bila kinga nyingine anamweka mkazi kwenye hatari ya kubabuka. Suluhisho linalojulikana ni kuyaacha maji yawe moto katika tangi na katika mabomba, kisha kufunga vali ya kuchanganyia yenye kidhibiti joto karibu kabisa na mahali yanapotokea, ili maji ya beseni la kuogea yasizidi nyuzi 44.

Katika bafu la ghorofa ya juu kipimajoto chetu kilisoma 53. Mhudumu alinieleza kwa unyoofu kwamba yeye hupima kwa kiwiko, na kwamba hajawahi kumuunguza mtu. Namwamini. Hata hivyo, kiwiko chake kina mishipa ya fahamu iliyo hai, wakati mkazi mwenye kisukari cha miaka mingi huenda miguu yake haihisi kitu, na mwenye dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anaweza kuhisi maumivu yote lakini akakosa neno la kuyasema, akawa anapiga kelele tu na kuandikwa kwamba "alikataa kuoga". Nilipotafuta katika kumbukumbu za miezi iliyopita nilikuta maneno hayo zaidi ya mara moja, na sasa hatuna namna ya kujua maji yalikuwa na joto gani siku hizo.

Bafu limefungwa hadi fundi amalize kazi. Kipimajoto kimetundikwa kwa mnyororo kando ya kila beseni, na joto huandikwa kabla mkazi hajaingia majini. Mabomba ya vyumba visivyo na watu yatafunguliwa kila wiki ili maji yasikae yametuama.

Wiki ya 3

Vali zimefika, lakini mbili zina kipimo kisicholingana na mabomba yetu, hivyo zimerudishwa. Mafunzo ya kunawa mikono yamefanyika kwa zamu zote: sekunde 20 hadi 30 kwa dawa yenye alkoholi, 40 hadi 60 kwa sabuni na maji. Tumekuta vyombo vya dawa viko ofisini na kwenye korido, lakini havipo kando ya vitanda. Mhudumu hawezi kutakasa mikono kati ya mkazi mmoja na mwingine ikiwa dawa iko hatua ishirini kutoka kwao wote wawili. Vimehamishwa.

Wiki ya 4

Nilifika saa 4:40 usiku. Zamu ilikuwa imepokea kazi tangu saa 2:00. Katika chumba cha 9 analala bibi aliyepooza upande mmoja, ambaye hawezi kujigeuza kitandani, na mpango wake wa huduma unaagiza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Niliomba rejista ya kugeuza wakazi. Ilikuwa imejazwa safi: saa 2:00 ubavu wa kulia, saa 4:00 chali, saa 6:00 ubavu wa kushoto, na kuendelea hivyo hadi saa 12:00 alfajiri, yote kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, alama zikiwa zimelingana kama zilizopangwa kwa rula. Saa 6:00 ilikuwa bado haijafika.

Nilimwomba mhudumu tumtazame bibi pamoja. Tulimsalimu, tukamweleza tunachotaka kufanya, naye akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amelalia ubavu wa kulia, ingawa rejista ilisema chali. Juu ya mfupa wa nyonga palikuwa na doa la ukubwa wa sarafu. Kwa ngozi nyeupe doa la namna hiyo huwa jekundu, na ukilibonyeza kwa kidole halipaukii; kwa ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, na hapo mkono ndio unaotafuta joto, ugumu au uvimbe usiofanana na ngozi ya jirani. Nililigusa kwa mgongo wa vidole. Lilikuwa na joto na limekaza. Hiyo ndiyo daraja ya kwanza ya kidonda cha kulalia, wakati ngozi haijachanika na mgandamizo ukiondolewa mapema inaweza kupona. Kikiachwa kikafika kwenye msuli au mfupa, huchukua miezi, na kwa mwili dhaifu kinaweza kuingiza maambukizi kwenye damu na kuua.

Nilimuuliza mhudumu kwa nini rejista imejazwa hadi asubuhi.

"Mama, tuko wawili kwa wakazi thelathini na mmoja. Nikisimama kuandika kila chumba, sitageuza mtu. Na asubuhi kinachoulizwa ni karatasi."

"Karatasi ya asubuhi nitaijibu mimi. Wewe niambie bibi aligeuzwa lini hasa."

"Saa tatu hivi, mama, nilipombadilisha nguo."

Tulimgeuza pamoja, tukaweka mto kati ya magoti na kuinua visigino visiguse godoro. Kisha nilipiga mstari chini ya safu zile, nikaandika saa halisi, mlalo halisi, na tulichokiona kwenye nyonga.

Nimeliandika tukio hili kwa urefu kwa sababu ninaamini ndilo kiini cha mradi wetu wote. Kijana yule si mzembe. Alikuwa ametembea kutoka chumba hadi chumba tangu saa mbili, na alimjua bibi kwa jina na kwa tabia. Tulichomfundisha sisi, kwa miaka mingi ya kukagua meza badala ya vitanda, ni kwamba rejista iliyojaa ni salama na yenye mapengo ni kosa. Mkuu wa makao alipendekeza apewe onyo la maandishi. Nimepinga, na nimeshukuru kwamba pingamizi langu limekubaliwa: anayeadhibiwa kwa jambo kama hili hujifunza kubadilisha kalamu, na ukweli unatuponyoka kabisa.

Rejista mpya inakaa chumbani kwa mkazi. Haina saa zilizochapwa. Anayemgeuza mkazi ndiye anayeandika saa, mlalo, na alichokiona kwenye visigino, nyonga na mfupa wa chini ya kiuno. Vilevile tumeacha kutoa agizo moja kwa wote. Kila mkazi amepimwa kwa kipimo cha Braden, kilichochapishwa mwaka 1987, kinachotazama mambo sita: uwezo wa kuhisi, unyevu wa ngozi, kiwango cha kutoka kitandani, uwezo wa kujisogeza, lishe, na msuguano. Alama zinaanzia 6 hadi 23. Zikipungua hatari inaongezeka, na tahadhari huanza kwenye 18. Baada ya kupima tumeona kwamba wakazi saba tu ndio wanaohitaji kugeuzwa mara kwa mara usiku, na kwamba wengi wa waliobaki walikuwa wakiamshwa bila sababu. Wakazi saba wanawezekana kwa wahudumu wawili, ingawa kwa shida. Nimeandika ombi la mhudumu wa tatu wa usiku na kuambatanisha hesabu ya dakika.

Wiki ya 5

Magodoro manne ya kupunguza mgandamizo yamepokelewa. Bibi wa chumba cha 9 amepewa la kwanza. Doa limepoa.

Wiki ya 7

Zoezi la moto limefanyika usiku, kwa idadi halisi ya wahudumu wa usiku. Ni mara ya kwanza hapa.

Kabla ya zoezi niliwasimulia wahudumu kuhusu moto uliotokea katika makao ya wazee mjini Uddingston, Scotland, kabla ya mapambazuko ya tarehe 31 Januari 2004, ambapo wakazi 14 walipoteza maisha. Moto ulianzia ndani ya kabati lenye vifaa vya umeme, moshi ukaingia koridoni na kupenya katika vyumba ambavyo milango yake ilikuwa wazi, na kikosi cha zimamoto kikachelewa kuitwa kwa kuwa wahudumu walianza kwa kutafuta moto uko wapi. Niliona nyuso zao. Kila mmoja alikuwa akifikiria korido yake.

Katika zoezi letu tulikuta milango tisa imezuiwa isijifunge, mingine kwa kabari za mbao na mmoja kwa kiatu. Ni rahisi kuandika "wahudumu wafundwe", lakini tuliuliza sababu, na jibu lilitoka kwa wakazi. Mlango ukifungwa hawasikii hatua za mtu, nao wanaogopa kufa peke yao. Bibi mmoja alisema hivyo hasa, bila kuficha neno. Baada ya kauli hiyo sikuona haki ya kuziondoa kabari tu na kuondoka. Tumeagiza vishikizo vya sumaku vinavyoushikilia mlango ukiwa wazi na kuuachia wenyewe king'ora kinapolia, na hadi vitakapofungwa mhudumu wa usiku atapita katika vyumba hivyo tisa kila nusu saa, akijitambulisha kwa sauti.

Utaratibu wa kuondoa watu nao umebadilika. Haiwezekani kwa wahudumu wawili kuwashusha ngazi watu thelathini na mmoja, na mpango wa awali uliodai hivyo haukuwahi kujaribiwa. Sasa mkazi anahamishwa kwanza kutoka sehemu yenye moshi hadi ng'ambo ya mlango wa kuzuia moto ulio jirani, kwenye ghorofa ileile, na kushushwa kunafuata iwapo kutalazimu. Simu ya zimamoto inapigwa king'ora kinapolia, kabla ya kwenda kutafuta chanzo.

Wiki ya 9

Wiki hii imekwenda kwa jambo moja, na nimelala vibaya kwa siku mbili kwa sababu yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya wanaoishi katika taasisi za matunzo ya muda mrefu huanguka kila mwaka. Kwa hiyo hofu ya kuanguka haina ubaya wowote. Lakini katika sebule nilimkuta mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ameketishwa kwenye kiti chenye kina kirefu, meza ya kiti imefungwa mbele yake. Alikuwa akiisukuma meza kwa viganja vyote viwili, polepole, bila kusema kitu. Kwenye mpango wake wa huduma hakuna neno "kufungwa". Imeandikwa "kiti cha usalama".

Kumzuia mtu asitembee hakumwondolei hatari, bali kunaibadilisha sura. Misuli ya mapaja hupungua ndani ya siku chache, usawa wa mwili hupotea, vidonda hujitokeza, na mtu aliyekuwa akiyumba anakuwa mtu asiyesimama kabisa. Reli za kitanda nazo zina balaa lake, kwa sababu aliyechanganyikiwa huzipanda na kuanguka kutoka juu zaidi, au hukwama katikati yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 kuhusu makao ya matunzo ya uuguzi ilimpa mkazi haki ya kutozuiwa kwa mikanda wala kwa dawa kwa ajili ya adhabu au urahisi wa wahudumu. Niliirudia ile kanuni iliyo ndani ya jalada.

Tulikaa kikao na mzee mwenyewe, binti yake, muuguzi na daktari. Binti alianza kwa kusema kwamba yeye ndiye aliyeomba kiti kile, kwa sababu baba yake alishavunjika mkono, na hataki kupigiwa tena simu ya usiku. Hakuna aliyemlaumu. Ndipo mzee, ambaye kwa kawaida huzungumza kidogo, akasema: "Mwanangu, nataka kwenda chooni kwa miguu yangu." Basi swali likawa kwa nini anaanguka akienda chooni. Tulipima shinikizo lake la damu akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama, na kipimo cha juu kilishuka kwa 26. Kushuka kwa 20 au zaidi kunatosha kumpa mtu kizunguzungu. Dawa yake ya kupunguza maji mwilini ilikuwa ikitolewa jioni, hivyo alilazimika kuamka mara tatu usiku. Ndara zake zilikuwa pana kuliko miguu, na taa ya choo inawashwa kwa swichi iliyo nyuma ya mlango.

Daktari ameihamishia dawa asubuhi. Mzee anafundishwa kukaa ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama. Viatu vimebadilishwa, taa inayojiwasha imefungwa, vyuma vya kushikilia vimewekwa pande zote mbili za choo, na meza ya kiti imerudi stoo. Binti alisaini mpango mpya mkono ukimtetemeka kidogo. Nami nimesaini chini yake, ili siku mzee akianguka wajibu usiwe wa binti peke yake.

Wiki ya 11

Vali zote za maji zimekamilika. Jokofu la dawa lilikuwa likisoma nyuzi 11 badala ya kati ya 2 na 8. Insulini iliyokuwemo imeondolewa na nyingine kuagizwa. Wakazi wenye dawa tano au zaidi wameorodheshwa ili daktari azipitie moja baada ya nyingine.

Wiki ya 12

Mzee ameanguka. Ilikuwa mchana, bustanini, amechubuka kiwiko. Binti yake alipigiwa simu ndani ya robo saa, akaja, akakaa naye, na baadaye akaniuliza kama anaweza kuendelea kutembea. Nilimwambia aulizwe mwenyewe. Anaendelea.

Wiki ya 13

Ripoti za matukio zimeongezeka sana tangu tuanze, na wasimamizi wa juu wameitisha maelezo. Nimeyatoa kwa maandishi. Katika makao ambayo dawa iliyokosewa, mkazi aliyeteleza na neno la ukali havikuandikwa kamwe, takwimu za awali zilikuwa sifuri, na sifuri ile ilikuwa ya uongo kama ile rejista ya chumba cha 9. Nimeomba tusihukumiwe kwa wingi wa ripoti, bali kwa madhara yaliyowapata wakazi na kwa muda tunaochukua kurekebisha.

Kuhusu neno la ukali, nimelazimika kusema waziwazi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wahudumu wawili kati ya watatu wa taasisi za wazee wamekiri kutenda aina fulani ya unyanyasaji katika mwaka uliotangulia kuulizwa kwao. Hatuna sababu ya kujidhania kwamba sisi ni tofauti. Sanduku la malalamiko lililokuwa mlangoni kwa mkuu wa makao limeondolewa, kwa kuwa asiyeweza kutembea wala kuandika hawezi kulitumia, na anayeweza anaonekana na wote. Badala yake mtu wa nje, asiyeajiriwa na makao, atazungumza faraghani na kila mkazi kila mwezi, na kwa wasioweza kusema atatazama mwili, nguo, uso na namna wanavyoshtuka wakiguswa.

Mhudumu wa tatu wa usiku ameidhinishwa kwa miezi mitatu ya majaribio.

Wiki ya 16

Nimefanya ukaguzi wa usiku bila taarifa, saa 10:15. Vishikizo vya sumaku vimefungwa kwenye milango saba kati ya tisa. Beseni za ghorofa ya juu zilisoma nyuzi 41 na 42. Taa moja ya korido imeungua, nayo haikuwa imeandikwa popote.

Katika chumba cha 9 bibi alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, mto ukiwa kati ya magoti. Nyonga ya kulia ni laini na haina joto. Rejista ilikuwa na pengo: baada ya saa 6:20 hakukuwa na kugeuzwa hadi saa 9:50. Zamani pengo la namna hiyo lisingekuwepo kwenye karatasi. Katika nafasi yake mhudumu, yuleyule wa wiki ya 4, alikuwa ameandika kwa mwandiko wa haraka: "Saa 8:15. Bibi ameamka, ameonyesha kwa mkono kwamba hataki kusumbuliwa. Nimegusa nyonga na visigino, ni sawa. Nimemwacha alale, nitarudi."

Nimeweka sahihi yangu kando ya maandishi hayo na kuandika saa.